Siku Ambayo Haijafika

Ndeonansia aliishusha kwenye bodaboda
imefungwa kitenge, mafundo mawili,
kama mtoto anayepelekwa kliniki.
Kompyuta ya chama cha msingi, Uru:
kilo za wanachama mia tatu kumi na sita zimo humo,
na malipo ya pili ni Ijumaa.
Nikampindulia ndoo ya rangi akaketi.
"Haiwaki?"
"Inawaka. Inakataa."

Kweli ilikataa.
Skrini nyeusi, maandishi meupe yakaporomoka
kama mvua ya Aprili juu ya mabati ya Kiborloni,
yakasimama ghafla,
na kijistari kikabaki kinapepesa,
kinapepesa,
kama mtu anayekungoja umalizie sentensi.

Vijana wa duka la pili wakanicheka:
ifute, weka ile ya madirisha, chukua hela ya watu.
Mimi naipenda Linux kwa sababu moja.
Mficha uchi hazai, na huyu hafichi kitu,
akiumwa hutaja kiungo, saa na sekunde.
Tatizo ni kwamba hutaja mengi,
na mimi husoma kwa pupa.

Siku ya kwanza nililaumu kumbukumbu.
Nikachomoa vijiti vyake, nikavisugua kwa raba ya mwanafunzi,
nikarudisha kimoja, kingine, vyote.
Nikalaumu waya wa diski, nikabadilisha.
Nikalaumu kiini kipya, nikaamsha cha zamani.
Nikapuliza ndani: yakaruka maganda ya kahawa
na buibui mmoja aliyenitazama kama mpangaji aliyelipa kodi.
Usiku nikalaumu shule niliyosoma.

Siku ya pili, saa tano, umeme ukakatika, ukarudi.
Sikuwa na haraka tena, nguvu zilikuwa zimeniishia.
Nikasoma mstari kwa mstari, kidole juu ya kioo,
kama darasa la kwanza,
nikaukuta, mfupi, katikati ya wenzake:
diski hii ilifunguliwa mara ya mwisho
siku ambayo haijafika.

Nikaiuliza mashine, leo ni lini?
Ikajibu bila aibu:
Januari mosi, elfu mbili na tisa.

Kumbe ni betri. Kidonge bapa cha kulinda saa
kilikuwa kimekufa kimyakimya pale ubaoni.
Kila umeme ukikatika Uru, mashine ilisahau,
ikarudi mwaka wake wa kwanza,
na ikiletewa daftari la msimu huu ilishtuka:
nani amepima kahawa ya miaka isiyokuwepo?
Haikuwa mbovu.
Ilikuwa mwaminifu kwa saa mbovu.

Mchana Ndeonansia akaja na chupa ya chai. Nikamwonyesha.
"Elfu mbili na tisa," akarudia.
"Mibuni ya juu ya mfereji tulikuwa hatujaing'oa.
Baba Aisia alikuwa anapima mwenyewe, mizani mkononi."
Akamimina chai, akanipa kikombe.
"Iache hapo kidogo. Nimalize hii."

Nikaiacha.
Feni ikavuma. Hakuna aliyesema neno.

Kisha nikavuka barabara kwa Hemedi muuza saa,
elfu moja na mia tano.
Nikang'oa mfu kwa ncha ya bisibisi,
mpya ikaingia, tik.
Nikapanga tarehe, nikaamuru diski ikaguliwe,
na majina yakaanza kutoka, mmoja mmoja, na kilo zao:
arobaini na moja, sabini, kumi na mbili na nusu.
Kwenye ile nusu akatabasamu. Ilikuwa yake.

Ikabaki bei.
Siku mbili za kazi, kipuri cha elfu moja na mia tano.
Nikasema ishirini, ulimi ukaona haya, nikasema kumi na tano.
Akalipa, akaongeza kichane cha mshare.

Risiti niliiandika taratibu.
Kwa tarehe niliangalia simu, nikaangalia skrini,
zikakubaliana.
Saa ya ukutani kwangu
ilikuwa nyuma dakika nne.